Barua ya wazi: Pimeni Kariakoo kwa miguu kabla ya kumwaga zege

Kwenu mnaosimamia Jiji la Dar es Salaam, barabara zake, mitaro yake, mabasi yake na maegesho yake.

YAH: UPANA UNAOBAKI KWA MPITA NJIA

Waheshimiwa, salaam, na poleni na majukumu.

Mimi ni muuza vitenge hapa Kariakoo. Kila baada ya muda tunawaona vijana wenu wamevaa vizibao vya kung'aa wanapima barabara. Wanavuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, wanachungulia mtaro, wanahesabu magari, wanaandika, wanaondoka. Baadaye linakuja tangazo la zabuni: lami hapa, taa pale, pevingi kule. Tunashukuru, kidogo si haba. Ila sijamwona bado aliyetumwa kupima kile ambacho wengi wetu tunakitumia kutwa nzima, yaani nafasi ya kupita mtu.

Ombi langu naliweka mbele kabisa ili mwenye haraka asihangaike kulitafuta. Kabla ya zabuni nyingine, pimeni mtaa kwa mtaa upana ambao mpita njia anaupata kweli, pale palipobana kuliko pote, saa ambayo watu ni wengi kuliko saa zote. Upana wa kwenye mchoro tunaujua, uko ofisini kwenu. Sisi tunaishi na upana unaobaki.

Kwa hesabu ya umbali, Kariakoo ni pepo. Wamarekani wana kipimo kiitwacho Walk Score, kilianzia Seattle mwaka 2007, kinachoipa anwani alama kati ya 0 na 100 kwa kuangalia duka, shule, bustani na huduma nyingine ziko umbali gani kwa mguu. Kwa miji ya kwao kina maana yake, kwani huko mtu anaweza kuishi mahali ambapo hata mkate haununuliki bila gari. Kikiletwa kwetu kitatupamba bure. Toka mlangoni mwa jengo letu: benki hiyo hapo, duka la dawa, msikiti, mama lishe, fundi simu, wakala wa pesa, na kituo cha mabasi ya mwendokasi hakiko mbali. Na bado mteja wangu wa Lubumbashi, mama aliyezoea kusafiri mpaka Guangzhou peke yake, hunipigia simu akiwa mita kama mia mbili kutoka dukani na kuniambia, "Dada, nitumie kijana anipokee, hapa na haya mabegi sipiti." Mita mia mbili! Kwa hiyo atakayewaletea ramani iliyopakwa kijani kuonyesha kwamba Kariakoo inapitika vizuri kwa miguu kwa sababu kila kitu kiko karibu, msikilizeni kwa adabu kisha mwambieni ashuke kwenye gari.

Mitaa hii haikuwa mibaya. Ilipangwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Wapagazi hatujaacha kuwa nao mpaka leo. Viwanja vilikatwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Mpita njia alipita mbele ya baraza, akasalimia, akaendelea. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine, na juu ya kiwanja kilekile limesimama ghorofa. Chini fremu, juu stoo, juu zaidi fremu tena na ofisi. Mlango uliokuwa wa familia chache sasa unahudumia maduka kwa makumi, na kila duka lina mzigo unaoingia na mzigo unaotoka. Majengo yamepanda, mtaa haukuongezeka hata shubiri. Baraza nayo imegeuka ngazi ya dukani, inayotokeza nje kadiri mwenye jengo alivyoona inafaa.

Twendeni pamoja kipande kifupi. Mmeshuka kwenye mwendokasi, mtaa wa Msimbazi, mnataka kuingia ndani kuelekea mtaa wa Kongo. Hatua za mwanzo ni nzuri, pevingi imelala sawa, mtu anaweza hata kuongea na simu. Mbele kidogo kuna nguzo ya umeme katikati ya njia, na kishikizo chake cha waya kimekita chini kwa mshazari. Ukiipita, zinaanza ngazi za maduka. La kwanza ngazi mbili, la pili ngazi tatu, la tatu limewekwa vigae vya sebuleni ambavyo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Hapo katikati limefungwa jenereta ndani ya kizimba cha nondo, na ukutani kinapumua kiyoyozi kikitoa joto na maji usawa wa uso. Kisha Fuso imepaki imeuelekeza mgongo kwenye duka, vijana wanashusha marobota, wanayapanga chini kwanza ndipo wayaingize. Mbele ya marobota, meza ya soksi. Mbele ya meza, mtaro, na slabu moja haipo. Mtu mwenye huruma amefunika tundu kwa ubao wa mlango wa kabati, kitasa bado kinaning'inia.

Pale kwenye ubao ndipo kilipo kipimo cha mtaa mzima. Mabega mawili hayapishani. Anayetoka na anayeingia wanaangaliana, mmoja anasimama upande, na nyuma yao foleni imeshaanza. Wasio na subira wanateremka barabarani, na barabarani kuna guta lililobeba mabomba, bajaji inayorudi nyuma, bodaboda inayopenya, na sauti ambayo kila mtu wa Kariakoo anaijua hata usingizini: "Pisha mzigo! Mzigo huo! Angalia mguu!"

Hii ni kama mpira wa maji uliokanyagwa. Hata uwe mnene kiasi gani kutoka bombani, ndoo itajazwa na yale tu yaliyopita chini ya kiatu. Ndiyo maana nasema kipimo cha wastani hakitusaidii. Mtaa unaweza kuwa na njia pana ya kujivunia kwa asilimia tisini ya urefu wake, na sehemu moja tu ya hatua mbili ikawarudisha watu wote barabarani. Na ukisharudi barabarani hupandi tena juu, kwa sababu ukingo ni mrefu na mbele unajua patabana vilevile.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu mambo ni mafupi zaidi. Hajaribu kabisa. Tangu mwanzo anakwenda katikati ya barabara pamoja na magari, kwani ukingo hauna mteremko wa kupandia, na penye wa kupandia hapana wa kushukia. Kiti kimoja kinahitaji karibu mita 0.9 kupita, viwili kupishana, mita 1.8. Hivi ni vipimo vinavyojulikana, mainjinia wenu hawahitaji kuambiwa na muuza vitenge. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Kinachokosekana ni karatasi inayosema: mtaa fulani, kati ya makutano haya na yale, upande wa kulia, palipobana ni sentimita kadhaa, na kilichobana ni hiki.

Najua neno litakalofuata kwenye kikao. Machinga.

Sikilizeni, mimi ni mwenye fremu. Nalipa pango, nalipa kodi, na yule anayeuza vitenge vyake kwenye turubai pale chini haniongezei mauzo. Ningekuwa na kila sababu ya kusema waondolewe na nikaishia hapo. Lakini tulishaona. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara jiji zima, na kwa siku kadhaa tukaiona sakafu ya mitaa yetu ambayo wengine tulikuwa tumeisahau rangi. Nguzo ilikuwepo. Transfoma ilikuwepo. Ngazi za vigae, jenereta, tundu la mtaro, vyote vilikuwepo, wala havikuwa na kitambulisho cha mjasiriamali. Na sehemu nyingine pale palipotoka meza pakaingia gari. Meza ya soksi inakula upana wa nusu mita au zaidi kidogo, na nyuma yake kuna mtu anayesomesha. Gari dogo likiegeshwa linakalia mita za mraba kama 12 tangu asubuhi hadi jioni, na mwenyewe yuko ofisini Posta. Sisemi meza zibaki popote zilipo. Nasema hatujawahi kuziweka meza, magari, ngazi na nguzo kwenye mizani moja, na bila kuziweka, kila operesheni itamwondoa yule tu ambaye kitu chake kina miguu ya kubebeka.

Tena wenzangu wenye maduka wasijifanye hawasikii. Midoli ya nguo iliyopangwa nje, mabango ya chuma yenye ncha, mabelo yanayolala kwenye njia mpaka adhuhuri kwa kisingizio kwamba gari la Tunduma limechelewa: hayo si ya machinga.

Sasa namna ya kupima. Mwaka 2006 mtafiti Holly Krambeck alipendekeza kipimo cha kulinganisha miji mbalimbali duniani kwa jinsi inavyopitika kwa miguu, na baadaye kilitumika katika miji kadhaa ya Asia. Mpimaji anatembea mtaa na kutoa alama 1 hadi 5 kwa mambo tisa: kama njia ya miguu ipo, inavyogongana na vyombo vya moto, vivuko, usalama wa kuvuka, tabia ya madereva, vitu vya nafuu kama kivuli na taa, miundombinu ya wenye ulemavu, vizuizi, na hofu ya vibaka. Nakisifu kwa sababu kinamlazimisha mpimaji atembee. Mtu akishatembea mtaa wa Mchikichi saa kumi na moja jioni, ripoti yake haitafanana na ya aliyekaa kwenye kompyuta. Ugomvi wangu nacho ni pale alama zinapojumlishwa. Mtaa ukipata 5 ya taa na 1 ya vizuizi unaonekana wa kati, si mbaya, tusubiri bajeti ijayo. Ilhali mwenye kiti cha magurudumu hapiti kwa wastani.

Kwa hiyo Kariakoo ningependa hesabu iwe ya kishamba zaidi. Chukueni kila kipande kati ya makutano na makutano, kila upande peke yake. Andikeni pale palipobana kuliko pote ni upana gani, kilichobana ni nini, na kama kinahamishika au kimejengwa. Andikeni slabu zisizopo. Andikeni ukingo una urefu gani na kama una mteremko. Andikeni saa sita mchana kivuli kiko wapi, maana jua la Januari hapa si la mzaha, na mtu anayetafuta kivuli hujibanza ukutani wote upande mmoja, kisha tunashangaa kwa nini upande huo umejaa. Halafu mtu asimame dakika 15 ahesabu wanaopita. Mmarekani John Fruin aliweka tangu mwaka 1971 ngazi sita za msongamano wa waenda kwa miguu, A mpaka F: kwenye A mtu anatembea apendavyo, kwenye F kundi linajikokota. Somo hili lina zaidi ya miaka 50, si teknolojia ya kusubiri mfadhili.

Msipime Jumapili asubuhi. Naomba hili nilisisitize kwa sababu Jumapili asubuhi ndipo wapimaji hupenda kuja, hakuna usumbufu. Pimeni saa nne asubuhi siku ya kazi, pimeni saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa mmetaka Kariakoo ifanye biashara saa 24, pimeni na usiku wa manane, dada mmoja atembee peke yake (yaani muwe nyuma yake kwa mbali) aseme wapi alikaza mkoba kwapani. Kisha rudini kumi la mwisho la Ramadhani, rudini wiki ya kabla ya Krismasi, na rudini siku moja ya Masika maji yakiwa yamejaa. Siku hiyo njia hupungua tena, kwa sababu watu hawakanyagi wasipopaona. Tundu la mtaro lenye maji juu yake halina alama.

Na wapimaji wasiwe mainjinia peke yao. Mchukueni mpagazi. Mtu mwenye robota kichwani haoni miguu yake, kwa hiyo anaijua sakafu ya Kariakoo kwa nyayo kuliko ninyi mnavyoijua kwa michoro. Anajua slabu ipi inacheza na ngazi ipi imezidi. Tena anajua kitu ambacho kamba yenu haikipimi kabisa, nacho ni urefu kwenda juu. Turubai lililofungwa chini, waya ulioning'inia, bango la duka la simu: wewe na mimi tunapita chini yake, yeye na mzigo wake hapiti. Asiyeona anayetembea na fimbo naye ana shida hiyohiyo kwa namna yake, kwani fimbo inagusa kilicho chini na bango linamgusa usoni. Muwekeni na mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hawa watatu wakipita mtaa, mtaa umepita mtihani.

Wataalamu wa kuifanya kazi hii tunao hapahapa. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vyetu pamoja na wananchi wakatembea mitaa ya Dar es Salaam wakichora majengo, njia na mitaro ili tujue mafuriko yatapita wapi, na ramani zikawekwa wazi kwa kila mtu. Waliofanya kazi ile waliingia mahali ambapo gari haliingii. Na mradi wa shirika la Amend wa kukagua barabara zinazozunguka shule na kuzirekebisha kwa vitu vya bei nafuu, yaani njia ya miguu, matuta, vivuko na alama, ulichukua mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute), na sehemu kubwa ya kazi yake imefanyika Dar es Salaam. Walianza kwa kuangalia watoto wanapita wapi kweli. Soko halistahili chini ya hapo.

Niseme na habari ya mwendokasi, maana ni jambo la kujivunia na nisingependa barua hii isomeke kama ya mtu asiyeona mema. Mabasi yalianza kazi Mei 2016, na jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Tulistahili. Lakini abiria anayeshuka Msimbazi hajafika, amefika kituoni. Kutoka hapo mpaka dukani ni mguu wake, na kipande hicho hakimo kwenye nauli wala kwenye ratiba ya mtu. Nimewasikia wateja wakisema wanapanda bajaji kutoka kituoni kwa umbali ambao bibi yangu angeutembea akiwa na kikapu. Kila bajaji ya namna hiyo inazidisha msongamano uleule uliomfanya mteja aipande. Mkipanua njia ya kupita kwa kipande hicho tu, mtakuwa mmeongeza abiria wa mwendokasi bila kununua basi hata moja.

Kuvuka ni mada nyingine, nitaipitia haraka. Ndani ya Kariakoo mchana magari yenyewe hayakimbii, yataanzia wapi. Hatari iko kwenye barabara za kuzunguka, Msimbazi, Uhuru, Lumumba, na inaongezeka usiku barabara zikiwa nyeupe. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Azimio la Stockholm la usalama barabarani la Februari 2020 linataka 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Shirika la Afya Duniani lilihesabu waenda kwa miguu 274,000 waliouawa barabarani duniani mwaka 2021. Biashara ya saa 24 bila mwendo wa kilomita 30 kwenye barabara hizo tatu ni kuwaita watu usiku halafu kuwaacha wavuke kwa dua.

Majirani nao wana ya kutuonyesha. Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, ikaandika kwamba asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Kuandika ni jambo moja, lakini angalau raia wa kule ana namba ya kudai. Mwaka 2019 wakaishika Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya redio na televisheni ambao kwa fujo haukuwa mbali na wetu, wakaufanya wa njia moja na kupanua pembeni. Kigali ilifunga kipande cha barabara katikati ya mji kwa magari mwaka 2015, ila kikakaa miaka bila kivuli wala kiti, mpaka kilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2022. Somo la Kigali nalipenda kuliko la Nairobi. Kuondoa magari ni nusu ya kazi tu.

Sidai mfunge Kariakoo kwa magari. Atakayedai hivyo hajui bidhaa zinafikaje. Hapa ndipo Zambia, Malawi, Kongo, Burundi na Komoro wanaponunua, na mzigo hauji kwa baiskeli. Wekeni saa. Fuso zishushe usiku na alfajiri, mchana yabaki magari madogo ya kupeleka na guta. Mtasema wenye maduka watagoma. Wengine ndiyo. Wengi wetu tumechoka kulipa vijana wa kupokea wateja. Tena kumbukeni kwamba nafasi ya kupita mtu ndiyo nafasi ya kupita mpira wa zimamoto na machela. Soko Kuu la hapa, lililosanifiwa na Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Novemba 2024 jengo liliporomoka hapahapa Kariakoo na kuua ndugu zetu. Nafasi ile haikodishwi, lakini ina kazi.

Na hapa nafika kwenye sababu inayonifanya nisiombe zege, bali vipimo kwanza. Niliwahi kupeleka habari ya slabu iliyovunjika mbele ya jengo letu. Nilikoanzia nikaambiwa barabara ni yetu lakini mtaro si wetu. Nikaenda kwa wa mtaro, nikaambiwa eneo lile lina mradi, nenda kwa wenye mradi. Wenye mradi wakasema mkandarasi amekabidhi. Siwataji na sina kinyongo, kila mmoja alinionyesha mpaka wake kwa upole kabisa. Nguzo ina mwenyewe, transfoma ina mwenyewe, maegesho yana wakala, ngazi ina mwenye jengo aliyepewa kibali na ofisi nyingine. Kila mmoja amechukua kipande chake kidogo kwa haki yake, na hakuna aliyekabidhiwa kinachobaki.

Jedwali ninaloliomba linaumaliza mchezo huo. Safu ya kwanza mtaa na upande. Ya pili sentimita zinazobaki. Ya tatu kilichobana. Ya nne, jina la ofisi au mwenye mali anayehusika. Hiyo safu ya nne ndiyo itakayowakosesha usingizi wengine, najua, na huenda ndiyo itakayokwamisha jambo lote kwenye kikao cha kwanza. Ikiwezekana anzeni na eneo lililo kati ya Msimbazi na Lumumba pekee. Wakazi wa mkoa huu tulihesabiwa 5,383,728 mwaka 2022, kichwa kwa kichwa, nyumba kwa nyumba, mpaka walala nje. Serikali iliyoweza hilo haishindwi kuhesabu nguzo zilizosimama kwenye njia za Kariakoo.

Matokeo yabandikwe kwenye mbao za serikali za mitaa, kwa Kiswahili, siyo kwenye tovuti peke yake. Baada ya mwaka mpime tena palepale, na safu ya tano iwekwe: sentimita zimeongezeka au zimepungua. Mkitaka wasaidizi, uongozi wa wafanyabiashara mnaufahamu, wapagazi wana viongozi wao, na wanafunzi wa vyuo hawakosekani kwa nauli na chakula cha mchana. Futi kamba zinauzwa Gerezani, bei ya jumla.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Muuza vitenge, Kariakoo